Hewa ya Landilodi

Kijiwe cha Makutano ni benchi moja ya mbao mbele ya duka la rangi, pamoja na birika la kahawa ya tangawizi. Majuzi watu wa chuo waliweka mashine juu ya paa la Mithika, ambaye hapa huitwa Landilodi. Inanyonya hewa mchana kutwa, na vumbi linanasa kwenye karatasi ya chujio. Tangu hapo Kailemia, fundi wa betri za magari ambaye hapa huitwa Betri, hana raha. Paa lake halikuombwa, na anaona wivu. Leo Landilodi amekuja na majibu.

— Karatasi imepigwa eksirei, Landilodi alisema akipuliza kahawa. Kila madini ikimulikwa inarudisha mwanga yake. Hewa yangu iko na chuma, zinki, mpaka potasiamu ya moshi ya kuni.

— Yako? Kailemia alifoka. Ulinunua hewa duka gani?

— Si waliipata kwangu?

Riungu, aliyebatizwa Wakili kwa kupenda ubishi, akaingilia.

— Nyinyi hamjui kitu. Hao wanatafuta dhahabu. Wakiipata, sisi wote tunahamishwa mbali, huko Kiambere.

— Wacha zako, Wakili! Landilodi alimkemea.

— Na mkibaki, mnawekewa mita ya hewa kwa pua. Tokeni ikiisha, umeenda.

— Ile iliwashtua ni risasi, Landilodi aliendelea, ile ya ndani ya betri. Sumu ya watoto, wanasema. Ni mingi mpaka wakapima tena. Kesho wanakuja na kamera.

Kailemia alisikia kamera tu.

— Hiyo ni yangu! Nani mwingine anayeyusha betri hapa? Kila siku niko pale nyuma na jiko. Wanipige picha mimi!

— Betri, hiyo ni wivu, Landilodi alisema.

— Ni wivu, ndiyo! Utasifiwaje na kitu yangu?

Kinya, mke wa Kailemia, alikuwa amekuja kuchukua ufunguo, mtoto wao Gacheri akikohoa mgongoni. Aliyasikia yote.

— Baba Gacheri, hiyo risasi ikitoka kwa jiko yako mpaka kwa paa ya Mithika, inapitia wapi?

Kati ya jiko na paa lile kuna chumba kimoja tu cha mabati, na ndani yake kitanda cha Kailemia, Kinya na mtoto.

Kailemia alinyoosha mikono ampokee mtoto. Akaiona ilivyo nyeusi kwa vumbi la betri, akairudisha.