Kumuaga Nesi Aliyempa Mokami Faneli

Mheshimiwa Diwani, kabla sijamtaja mtu mwingine yeyote kwa cheo chake, nimekabidhiwa na kamati ya maandalizi tangazo zito ambalo haliwezi kusubiri. Ile faneli ya plastiki, rangi ya zambarau, iliyopotea zahanati tangu mwezi uliopita, imepatikana. Ilikuwa kwa Joram wa mashine ya kusaga, naye alikuwa akimiminia dizeli. Imeoshwa kwa maji ya moto mara mbili. Kamati inamshukuru Joram kwa ushirikiano wake, na inamwomba asiulize ilikuwa ya kazi gani mpaka hotuba hii ifike katikati.

Sasa salamu. Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Mtendaji, wajumbe wa Kamati ya Ardhi, na hasa Mzee Nyangwine uliyekaa kwenye kiti chenye kitambaa, Mchungaji, wageni wetu mliotoka Nyangoto na Kisaka, na wewe Nesi Agustina, ambaye ndiwe tuliyekuja kukuaga ingawa naona umekalishwa pembeni. Wazee wangu, shikamooni. Wengine, habari za mchana.

Mimi ni mlinzi wa zahanati. Nimesimama hapa kwa sababu wote wenye elimu ya kunizidi wamepata udhuru wiki hii.

Nesi amekaa nasi miaka sita. Watoto aliowapokea wamejaa uwanjani hapa na wengine wanakojoa kwenye nguzo za hema hili ninapozungumza, kwa kuwa wao bado wanaruhusiwa. Hayo mema mengine mtayasoma kwenye cheti. Mimi nitasema la faneli, maana ndilo lililoandikwa kwenye barua ya malalamiko iliyomhamishia Morotonga. Barua ilisema kwamba anafundisha wake za watu kukojoa wima kama wanaume. Nalitamka hilo mbele ya Mchungaji bila woga, kwa sababu limepigwa muhuri, na kitu chenye muhuri huwa hakina aibu.

Wageni lazima waelewe hali yetu. Mwaka wa tatu huu kijiji kiko chini ya zuio la kupisha mgodi. Usijenge, usipande mti, usichimbe shimo, asije mtu akategesha kibanda cha siku mbili na kudai fidia ya nyumba ya miaka ishirini. Busara hiyo siipingi. Lakini choo nacho ni jengo. Kikijaa, kimejaa. Choo cha Mokami, mjane wa marehemu Heche, kilititia kwenye mvua za masika. Akaenda ofisini kuomba kibali cha kuchimba kingine, akaambiwa asubiri uthamini wa fidia. Je, ndugu zangu, kibofu kinasubiri uthamini?

Basi wathamini wakaja. Utaratibu wao tunaujua: mwenye shamba anasimama ndani ya shamba lake, wao wanapita, wanamshikisha kibao chenye namba, wanampiga picha, na huyo ndiye mmiliki. Asiyekuwepo, hayupo. Saa ya kupita hawasemi. Katika shamba lake la juu Mokami alisimama tangu alfajiri mpaka saa saba mchana, akashindwa, akateremka korongoni. Hakumaliza robo saa. Alipopanda alimkuta Mzee Nyangwine, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, amesimama katikati ya mihogo yake, kibao kifuani, anapigwa picha. Mzee alimweleza kwa upole kwamba shamba halikai peke yake, yeye alikuwa analishikia ukoo.

Mzee Nyangwine, nakusifu hadharani. Tangu marehemu Heche augue mpaka tunamzika, hukuwahi kufika kwake kwa haraka namna ile.

Likabaki shamba la chini, lenye kaburi la mumewe. Siku ikatangazwa: Alhamisi. Mokami akaamua kujizoeza kukaa bila maji. Siku ya tatu aliletwa zahanati kwa baiskeli, miguu imevimba, anasema mkojo unapita kama makaa. Nesi akamtibu. Kisha akafungua mkoba wake mwenyewe, akatoa kile kitu cha zambarau alichokinunua kwa ajili ya safari za Musoma, kwa vile madereva wetu hawapendi kusimama watu wachimbe dawa. Akamweleza kinashikwa wapi na kinaelekezwa wapi. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilisikia Mokami akicheka, na tangu msiba sikuwa nimemsikia.

Joram, nadhani sasa umeelewa.

Alhamisi ile nilikuwa shambani kwangu, ninapakana naye, kwa hiyo nitakayosema sikusimuliwa. Kwa mila zetu, kaka mkubwa wa mume ni baba mkwe. Mwanamke hachuchumai mbele ya mkwe, hata ajifunike kitenge, na akichuchumaa hana tena pa kuuweka uso wake. Mzee alilijua hilo kuliko sisi sote. Alikuja saa mbili na kigoda chake, akakaa hatua kumi kutoka kwa Mokami, akamwelekea. Hakumtukana, hakumsukuma. Alimtazama tu. Kufikia saa nne mimi nilikuwa nimegeukia michongoma mara mbili, na Mzee mara tatu. Mwanamume hugeuka, akamaliza, akarudi kutazama.

Saa tano aliagiza jagi la uji wa ulezi.

“Mama Elieth,” akamwambia Mokami, “jua hili litakuua. Kunywa.”

Akanywa kikombe cha kwanza. Akanywa cha pili. Akafuta mdomo.

“Asante, baba,” akasema. “Kama upo mwingine, uletwe.”

Ukaletwa. Tukangoja. Nimewahi kungoja mvua na nimewahi kungoja maiti kutoka hospitali, lakini sijawahi kungoja kama siku ile, mtu mzima akihesabu vikombe alivyomnywesha mjane. Mokami alikuwa na gauni pana, vitenge viwili na jembe la kuegemea. Mara mojamoja aliinama kidogo kama mtu anayefunga kitenge upya, kisha akanyooka. Udongo chini yake ulibadilika rangi. Mzee aliuona, lakini angemwambia nani, na angesema ameona nini?

Wathamini walifika saa kumi na moja jioni. Wakauliza shamba ni la nani. Mzee alikuwa ameshainuka kwenye kigoda.

“Ni langu,” Mokami akasema. “Sijatoka hapa tangu asubuhi.”

Wakampa kibao. Wakapiga picha.

Barua ya malalamiko iliandikwa wiki iliyofuata. Aliyeiandika simjui. Najua tu kwamba alikuwa na nafasi ya kutazama kwa muda mrefu.

Nesi Agustina, tumekuandalia kitenge na mbuzi, na mbuzi mwenyewe ndiye huyo anayekula maua ya meza kuu. Faneli yako wamekwisha kuiazima wajane saba, na mmoja wao ameiomba ibaki. Mokami ameketi kule nyuma kwa sababu miguu haijapungua uvimbe; daktari wa wilaya anasema figo moja haifanyi kazi na nyingine inafikiria. Ameniomba nikuambie kwamba hakuwahi kupigwa picha maishani mwake kabla ya Alhamisi ile. Huko Morotonga wakikuuliza umeletwa kwa kosa gani, waambie polepole, ili walisikie lote.

Mheshimiwa Diwani, wazee, mama zangu, nawashukuru kwa masikio yenu, na zaidi nawashukuru mliokuwa na sababu ya kuyaziba na hamkuyaziba.

Mtendaji ameniomba, kwa kuwa kipaza sauti bado ninacho, niwajulishe barua iliyobandikwa ofisini jana jioni. Mgodi hauhitaji tena mashamba ya upande wa chini. Uthamini wa Alhamisi ile umefutwa, pamoja na picha zake.