Suruali ya Shafii

Kijiwe yetu iko kwenye kona ya mtaa wa Waswahili hapa Gitega, mbele ya cherehani ya Othmani. Benchi moja, birika yangu ya kahawa ya tangawizi, na wanaume wanaoshika kikombe kimoja toka adhuhuri mpaka alasiri. Mi Ilyasi ndiyo namwaga hiyo kahawa, kwa hiyo nasikia yote, nitake nisitake. Juzi Othmani alinyanyua suruali mpya ya sufu, akaiangalia kama mtu aliyeuziwa mbuzi kilema. Ilikuwa ya mtoto wake Shafii, yule mrefu wa basketi wa shule ya lycée. Chuo kikuu kimoja cha Kanada kimemupa bourse ya kusoma na kucheza. Kesho yake asubuhi alikuwa anapanda gari ya Muyinga kuaga bibi yake, halafu Bujumbura, halafu ndege. Hapa hapitii tena. Na suruali ya safari ilikuwa fupi, tena fupi ya aibu.

Wa kwanza kuiona ni Amissi. Sisi tunamuita Tanzania, sababu alikulia kwenye kambi ya wakimbizi kule Kigoma na hajawahi kutuacha tusahau.

— Sasa Othmani, umeshona suruali au kaptula?

— Niache, Amissi.

Fredi, Mukongomani wa Uvira, akaingilia. Anauza viatu vya mtumba na anavaa tai juani, ndiyo maana tunamuita Sapeur, yaani bwana mavazi.

— Fupi wapi? Papa, hiyo ni mode ya sasa! Suruali inapanda kidogo, kiatu inapumua. Niko na moja ya ngozi, nitamupatia.

— Namba ngapi? nikamuuliza.

— Quarante-deux, arobaini na mbili.

— Shafii anavaa arobaini na tisa. Ataivaa kwenye kidole gumba?

— Hata dini imo, akasema Tanzania. Suruali juu ya kifundo ni sunna. Wakimwona tu pale uwanja wa ndege watajua katoka nyumba yenye adabu.

— Hii inakaribia goti, Othmani akajibu. Sunna haijapanda huko.

Hapo Profesa akakohoa. Jina lake ni Kastori, anatengeneza simu, na anasoma kila gazeti linalofungiwa mandazi. Profesa akikohoa, mi naweka birika chini.

— Mumesahau baridi. Kitu yote kwenye baridi inanywea. Mupira inanywea, na mutu pia. Muache mutoto afike Kanada, barafu itamurudisha chini na suruali itamuenea. C'est la science, quoi.

— Basi watu wa kule wangekuwa wafupi wote! akasema Tanzania.

— Si ndiyo maana wanakuja kutafuta warefu huku? Wao wameshanywea!

Benchi ikacheka mpaka kikombe kikaanguka, na kikombe ni changu. Sapeur hakutaka kushindwa.

— Mais non! Mi nasema hawamutaki kwa basketi. Wanamutaka kwa mbegu. Atafika leo, kesho wanamuozesha.

— Kwa nani? nikauliza.

— Kwa mufupi wao mumoja! Ili wazae wa katikati.

Othmani hakucheka. Nikamuuliza ilikuwaje, fundi kama yeye, aliyewashonea watu wa hapa nguo za Idd toka mi sijaoa.

— Nilitaka imushtukize, akasema. Nikamukuta amelala muchana, nikatoa mita yangu, nikaanza kumupima pale kwenye mukeka. Mama yake akaingia. Fatouma alipiga kelele hiyo! «Mutu amelala chini anapimwa sanda! Unamupimia mwanangu sanda, na safari iko mbele yake?» Nikaogopa. Nikachukua suruali yake ya Idd, nikaongeza kiganja.

— Idd ile mtoto alikuwa bado anapita mlangoni bila kuinama, akasema Tanzania.

— Naona sasa.

Tukiwa hapo akafika mama mumoja wa kijiji cha Mutoyi, Dorotea, na kikapo cha mayai. Alikuja kuchukua sketi yake. Akasimama, akasikiliza tukirudia mambo ya barafu, ya mbegu na ya sanda, uso umekunjamana.

— Huyo mutoto iko wapi?

— Iko hapo uwanjani, nikasema. Anaaga wenzake.

Kweli, mupira ulikuwa unasikika nyuma ya ukuta.

— Amelala?

— Atalalaje na anacheza?

— Alors, mbona hamumuite mumupime amesimama?

Ebu sema we. Wanaume wazima, muchana yote! Tukamugeukia Othmani. Alikuwa anakunja mita kwenye vidole, anaikunjua, anaikunja tena.

— Mama, ili kumupima mutu muguu, unapiga magoti mbele yake, akasema. Mi nikipiga magoti mbele ya ule mutoto, nitalia. Na hawa watu watanicheka mpaka Idd ingine.

— Shafii we! Dorotea akaita.

Shafii akaja na jasho lake, akainama kuingia chini ya bati ya kibanda. Othmani akapiga magoti kwenye vumbi, akavuta mita toka kiunoni mpaka kisiginoni, na akalia kama alivyosema. Hatukucheka. Shafii alimuwekea baba yake mukono kichwani, na mi nikawa na kazi nyingi sana na birika.

Othmani akajipangusa, akatandika kitambaa iliyobaki. Ilitosha suruali ingine, na zaidi.

— Uache pindo ya maana, akasema Dorotea. Anarudi lini?

— Nikimaliza kusoma, mama, Shafii akajibu. Miaka ine.

— Miaka ine! Na atakuwa amekua kiasi gani?

Profesa akampima Shafii kwa macho, toka kisigino mpaka bati.

Othmani alishika mukasi juu ya kitambaa, akaangalia mutoto, akaangalia kitambaa. Halafu akaweka mukasi chini bila kukata.

— Inayozidi naikunja yote ndani ya pindo, akamwambia Shafii. Ikikupandia, unafumua kidogo. Ikiisha yote, unarudi.