Anjela, Mwimbaji Aliyeshuka Kutoka Sauti ya Kwanza Hadi ya Tatu

(Risala ya Kwaya ya Mapambazuko kwenye ufunguzi wa maabara ya kituo cha afya)

Mgeni rasmi, Daktari, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Mchungaji wetu, majirani wa dini zote mliofunga maduka kuja hapa: tunawasalimu kwa salamu zote mlizozizoea, na wazee wetu shikamooni.

UKARIBISHO

Karibu mtaani kwetu, Kwa Mathias. Kamati ilitupangia nyimbo mbili na risala moja. Nyimbo umezisikia zilivyokuwa, kwa hiyo tunakuomba uvumilie na risala. Tuliagizwa tueleze kwa nini wananchi tumelifurahia jengo hili. Tulipokaa kuandika tukaona sababu yetu ni mtu mmoja, dada yetu Anjela, mwalimu wa shule ya msingi, mke wa Evance na mwimbaji wetu wa sauti ya kwanza. Yuko pale mstari wa mbele. Risala hii ameisikia na kuikubali, isipokuwa mahali alipoona tumejipendelea, napo tumepasahihisha.

HISTORIA FUPI

Kwaya yetu ina walimu, wauza duka, madereva na mshonaji. Haina mganga hata mmoja. Upungufu huo haujawahi kutuzuia kutibu watu.

Miaka mitatu iliyopita Anjela alianza kuchoka. Aliamka amechoka kuliko alivyolala. Alisinzia akisahihisha madaftari, kalamu ikiwa mkononi. Mwezi wa pili, Kibaha nzima ikijipepea, yeye alikuja mazoezini na sweta. Nywele zilibaki kwenye kitana, uso ulivimba asubuhi, na ingawa alikula kidogo, alizidi kunenepa.

Sisi majibu tulikuwa nayo. Wilbrod, mwalimu wetu wa kwaya, alisema ni uvivu. Margareth alisema damu imepungua, akampelekea matembele na juisi ya rosela. Waimba besi walikubaliana kwa kauli moja kuwa ni malaria sugu. Mshonaji wetu, baada ya kuachia mishono ya sare ya Anjela kwa mara ya pili, alitangaza kuwa ni mimba. Hatukumuuliza mwenyewe. Tulichukua kitenge na unga wa lishe, tukaenda kumwimbia mlangoni.

Anjela alifungua, akasimama akatusikiliza hadi ubeti wa mwisho.

"Asanteni," akasema. "Karibuni chai."

Hakutuambia kwamba mimba aliyokuwa nayo ilikuwa imeharibika mwezi uliotangulia. Tulikunywa chai, tukarudi nyumbani tumefurahi.

Kisha sauti yake ikaanza kukwaruza. Wilbrod alimhamishia sauti ya pili, halafu ya tatu, katikati ya wanaume, akasema kwaya chache zimejaliwa mwanamke wa kuimba pale. Tukaenda naye hivyo hivyo kwenye tamasha la mkoa, Kisarawe. Anjela alipewa ubeti wa peke yake, akauimba polepole, akiachwa nyuma na kinanda. Kwa upendo kwaya nzima ikapunguza mwendo kumfuata. Tulishika nafasi ya mwisho, na watu wa Kisarawe, kwa ustaarabu wao, walitupigia makofi ya pole.

Aliposhuka jukwaani alikaa kwenye hema la huduma ya kwanza kupumzisha miguu. Daktari wa zamu, Dokta Zuwena, alimtazama kwa muda.

"Mwalimu, hiyo sauti ni yako siku zote?"

"Hapana, Dokta. Nilikuwa naimba juu kabisa."

"Na sweta?"

"Nasikia baridi. Najua hakuna baridi, lakini naisikia."

"Umewahi kupimwa tezi ya shingoni?"

"Nimepimwa malaria, taifodi na UTI. Nimepimwa sana."

"Hivyo tunavipima kwa sababu vifaa vyake tunavyo," akasema Dokta Zuwena, akamwandikia kwenda Dar es Salaam.

MAFANIKIO

Majibu yalionyesha kuwa tezi yake imelegea, haitoi homoni ya kutosha kuuendesha mwili. Alipewa kidonge cha kumeza kila asubuhi, maisha yote. Anjela anasema siku ile alilia kwenye benchi la hospitali, na si kwa huzuni. Alilia kwa sababu kumbe hakuwa mvivu. Baada ya miezi kadhaa aliiaga sauti ya tatu. Mafanikio haya hayakutokana na kwaya.

Mchango wa kwaya ulifuata baadaye. Mwaka jana uchovu ulirudi. Safari hii hatukuhangaika kukisia, maana tayari tulikuwa na neno. Akichoka, ni tezi. Akiumwa jino, ni tezi. Akisahau mwavuli, tunatazamana na kutikisa vichwa. Hata Evance alimwambia, "Kidonge si unameza? Basi vumilia, ndiyo hali yako." Anjela akaanza kujishuku upya. Usiku alijiuliza kama ugonjwa umebaki kuwa kisingizio chake.

Akapanda tena basi la Dar es Salaam. Daktari wa huko hakukubali kukisia. Alimpima homoni, wingi wa damu na sukari. Damu ilikuwa imepungua kidogo. Homoni nayo ilikuwa imeshuka, wakati kidonge hakijakosekana hata asubuhi moja.

"Unakimeza na nini?" daktari akauliza.

"Na chai ya maziwa. Pamoja na vidonge vya kuongeza damu alivyoninunulia mwenzangu wa kwaya. Navimeza vyote kwa mkupuo, nisisahau."

Daktari akamweleza kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge vya damu hukinasa kidonge cha tezi tumboni kisifike kwenye damu, na maziwa nayo hayakisaidii. Kimezwe na maji matupu, tumbo likiwa tupu, chai ingoje kidogo, na vile vya damu visogezwe hadi mchana. Mwenzake huyo wa kwaya ni Margareth, ambaye ndiye msomaji wa risala hii, na ameomba aya hii aisome haraka.

CHANGAMOTO

Kila kipimo ni ruhusa ya mwalimu mkuu, ni basi, ni foleni, kisha ni kungoja majibu kwa wiki kadhaa. Katika wiki hizo mgonjwa anabaki na maoni ya majirani, na wazalishaji wakubwa wa maoni hayo ni sisi. Jengo hili ni zuri, Mgeni rasmi. Tumeona masinki, tumeona jokofu, tumeona vigae. Tulimuuliza mtaalamu wa maabara pembeni kama tezi itapimwa humu. Akasema mashine hiyo bado.

MAOMBI

Tunaomba mashine hiyo. Ikiwa iko mbali, tunaomba sampuli zisafiri badala ya wagonjwa, na majibu yarudi mapema. Tunaomba pia kwamba mtu anayetibiwa malaria isiyoisha aulizwe na habari ya baridi, ya nywele na ya sauti. Na yule ambaye tezi yake imeshajulikana, akisema bado anaumwa, apimwe kabla ya kuambiwa avumilie.

Ombi la mwisho ametupa Anjela mwenyewe. Ana mimba ya miezi mitatu. Ameambiwa homoni ipimwe kila mwezi na dozi irekebishwe, kwa sababu katika miezi hii mtoto anategemea homoni ya mama yake. Majibu ya mwezi uliopita tumeyapata juzi, na siku ya kipimo kingine imeshafika. Kwaya nzima sasa haina la kumshauri, na yeye anasema ndiyo mara ya kwanza tunamsaidia.

Mgeni rasmi, mtoto anakua kila siku. Yeye hangoji majibu.

Mungu akurudishe salama kwako, awape wepesi watakaofanya kazi ndani ya kuta hizi, na amfikishe salama kila mama wa mtaa huu.

Ni sisi wanakwaya wa Mapambazuko,
Kwa Mathias, Kibaha.