Waya wa Njano Ulioletwa kwa Ajili ya Wakaguzi

Mbele ya geti la ofisi ya utafiti wa mbu, pale Ifakara, palikuwa na benchi la wanywa kahawa. Mwaka huo wa 1999 ofisi ilikuwa imeletewa swichi, kisanduku chenye matundu mengi cha kuunganishia kompyuta. Tangu Jumatatu, siku ya tatu sasa, tundu lililopeleka mawasiliano jengo la pili lilikuwa likijifunga lenyewe. Fundi analiwasha, taa inakaa dakika mbili, inazima. Merina mfagizi, mwanawe mgongoni, alisimama ndani ya geti na ndoo yake akisikia jina lake likitajwa.

— Ni tambara la Merina, alisema Octavian, fundi mwenyewe, ambaye kijiwe kilimwita Injinia. Amelowesha mitambo. Saa kumi namwambia bosi amwondoe.

— Maji wapi! alidakia mzee Fulgensi, jina la kijiweni Transfoma, aliyewahi kufunga mota za mashine za mpunga. Umeme unafika hapo umechoka. Hata wewe utembee kwa mguu kutoka mbali kule Sanje, utaangukia mlangoni.

— Ni vyura hao, alisema mzee Shilinde, mfuga ng'ombe wa Idete. Masika hii wamejaa mpaka kwenye viatu. Chura akikalia waya, kompyuta inasikia baridi.

— Baridi! alishangaa Fulgensi.

— Inajikunyata kama ndama. Mimi ningewasha moto wa samadi chini ya meza.

— Washa, mtani, uchome na ofisi!

Wakacheka. Merina hakucheka. Kibarua hiki ndicho kilichomlisha yeye na mtoto. Angeweza kurudi kudeki kimya kimya, kama siku zote. Akafungua geti.

— Shikamooni.

— Marahaba, waliitika wazee wawili. Octavian alitazama kikombe chake.

— Kaka Octavian, tambara langu halijawahi kupanda mezani. Kisanduku kile nakifuta vumbi kwa nguo kavu, kila tundu nalijua. Kuna waya mfupi wa njano. Ncha moja imo kwenye kisanduku, ncha ya pili imo kwenye kisanduku hicho hicho. Unapeleka nini, wapi?

Fulgensi akageuka polepole.

— Injinia, umekiunganisha chenyewe kwa chenyewe?

— Wakaguzi wanakuja kesho kutwa, alisema Octavian kwa sauti ndogo. Matundu mawili hayakuwa na kitu. Watauliza tuliomba kisanduku kikubwa cha nini. Nikataka taa zote ziwake.

— Kumbe! Ujumbe unatoka humo, unarudi humo, unazunguka mpaka kisanduku kinafunga mlango kujiokoa! alisema Fulgensi.

— Uliuchomeka lini? aliuliza Merina.

Shilinde akakohoa.

— Nauliza siku tu, kaka. Si Jumatatu?

Octavian alisimama, akaacha kahawa nusu kikombe, akaelekea ndani. Merina alimpisha, kisha akamfuata nyuma hatua kwa hatua.

— Sitoki mlangoni mpaka uuchomoe, alisema. Na hiyo saa kumi, kwa bosi tunakwenda wote wawili.