Mstari Chini ya Picha ya Ludmila

Kinyozi ni mimi, na benchi liko chini ya dirisha langu, kwa hiyo yanayosemwa hapo nayasikia nitake nisitake. Mwaka ule wa 1935 vumbi la ukame lilikuwa limetushika kooni jimbo zima la Nebraska. Hakuna aliyekuja kunyolewa kabla ya Jumamosi, basi mchana nilitoka nikakaa na wazee. Bi Hulda wa mkahawa wa jirani alituletea birika la kahawa na maneno makali, vyote vya moto. Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumanne ya mwezi wa Mei. Kitabu cha wahitimu wa sekondari yetu kilikuwa kimetoka kwa mchapaji asubuhi hiyo: wahitimu kumi na wawili, kila mmoja na picha yake, nywele zimelainishwa kwa maji, na chini ya kila picha mstari mmoja wa utani. Aliyeandika mistari hakutajwa. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Aliyekishika kitabu alikuwa Torvald Engebretsen, tuliyemwita Jaji. Mahakamani hajawahi kukanyaga. Mwaka mmoja aliombwa kuonja pai kwenye maonyesho ya wilaya akatoa hukumu, na tangu siku hiyo hajaacha kuhukumu. Lakini alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, na hilo halikuwa jambo la kuchezea.

— Sikilizeni huu uhuni, akasema Jaji. Mwanangu huyu hapa. "Merle Engebretsen. Anataka kuwa rubani. Mpaka sasa amefanikiwa kuanguka tu: mara mbili kwenye ngazi za shule, mara moja mapenzini."

Bi Hulda akageuka upande, mabega yakimtikisika.

— Unacheka, Hulda?

— Nakohoa, Jaji. Vumbi.

— Hebu lete wa kwetu, akasema Amos Tuttle. Huyu tulimwita Mvua, kwa sababu aliitabiri kila asubuhi kwa miaka minne na haijanyesha. Alikuwa na mabinti mapacha darasani.

— Wako hawa. "Ina Tuttle alifaulu hesabu mara mbili. Pacha wake Iva hakuwahi kufeli. Mwalimu bado anatafakari."

Mvua akatafakari naye. Tukamwona anahesabu kwa vidole.

— Ngoja kwanza... ina maana siku ya mtihani wa Iva...

— Acha, Mvua, nikamwambia. Wameshahitimu.

— Soma wa yule mtoto wa Yost, akasema Bi Hulda.

— "Delbert Yost. Amelala katika somo la historia miaka minne. Vita vyote vimempita salama."

Hapo hata Jaji alijisahau. Tulicheka mpaka farasi wa Mvua aliyefungwa ng'ambo ya barabara akageuza shingo. Mmoja tu hakucheka: Vaclav Hruska. Huyu alichochea makaa ya treni miaka thelathini na tano, akazoea kupiga kelele juu ya mlio wa injini, na alipostaafu hakushusha sauti. Tulimwita Kengele. Alikuwa amemlea mjukuu wake Ludmila tangu mtoto ana miaka mitatu, na tangu mkewe Anezka afariki walikuwa wawili tu nyumbani.

— Nyie chekeni! akanguruma. Someni wa mjukuu wangu, halafu mcheke!

Jaji akapekua. Picha ilimwonyesha binti mwembamba, macho makini, kola nyeupe.

— "Ludmila Hruska. Husema maneno matatu kwa mwaka, na mawili ni samahani."

Hakuna aliyecheka. Ulikuwa ukweli mtupu.

— Mmeona? Yatima! Mtoto asiyemkosea hata nzi! Nikimpata huyo mwandishi, atanitambua!

— Mimi namjua, akasema Mvua. Ni yule mwalimu wa Kilatini. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Na dalili ya mwandishi ni miwani.

— Wahenga hawakusema hivyo, akadakia Bi Hulda.

— Walisema nusu. Nusu nimewasaidia.

Jaji akatikisa kichwa kizito.

— Si mwalimu. Mwalimu hajui kwamba Merle alianguka mapenzini. Mimi mwenyewe baba yake sijui! Huyu ni mtu aliyelipwa, kaletwa kutoka Omaha. Mnamkumbuka yule jamaa wa Machi aliyejifanya anauza brashi? Mji mzima aliuza brashi mbili. Nani husafiri maili mia kuuza brashi mbili?

— Mwuza brashi mbaya, nikasema.

— Jasusi! Haba na haba hujaza kibaba. Maana yake, huyu mwandishi ana baba, na baba ndiye wa kushtakiwa.

— Methali hiyo umeitoa kabati gani? akauliza Bi Hulda, akimjazia kikombe.

— Ninyi nyote hamjui kitu, akasema Kengele. Mtu huyu yumo shuleni. Kajificha darini! Anasikilizia kwenye bomba la jiko. Sauti hupanda na moshi, mimi nimefanya kazi na moshi, najua.

— Miaka minne darini? akauliza Bi Hulda. Anakula nini?

— Chaki!

Mvua akapiga goti.

— Hapana, jamani, nimeng'amua! Ni mpiga picha! Akiingia chini ya kile kitambaa chake cheusi, mnadhani anafanya nini mle? Anakusoma roho. Ndiyo maana anakwambia usitikisike. Ukitikisika, anapoteza mstari.

Tulilipima hilo. Kwa dakika moja hivi, namwomba Mungu anisamehe, niliona lina akili.

Jaji akafunga kitabu kwa kishindo.

— Awe nani awe. Kama ni mwalimu, kamati itamwita. Kama ni mwanafunzi, Ijumaa hapewi cheti. Nasema kama mwenyekiti.

— Na mimi nitasimama mlangoni kuhakikisha! akasema Kengele. Hata awe wa damu yangu, cheti hapati!

— Nani hapati cheti, Babu?

Hatukuwa tumemsikia akifika. Ludmila alikuwa amesimama kwenye kona ya duka langu, vitabu kifuani, amekuja kumchukua babu yake wakale. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Ndivyo alivyokuwa: uliinua macho, ukamkuta.

— Huyu mwanaharamu aliyekudhalilisha kitabuni, mjukuu wangu! Usilie!

— Silii, Babu. Ni mimi niliyeandika.

— Umeandika nini?

— Yote. Ya watu wote kumi na wawili.

Kengele akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakikutoka kitu. Jaji akasimama, shingo imemwiva nyekundu.

— Wewe? Wewe ndiye uliyesema Merle wangu anaanguka?

— Shikamoo, Mzee Torvald. Kwanza nilikuwa nimeandika ngazi tu. Ya mapenzi aliniomba mwenyewe niiongeze. Nilimsomea kila mtu mstari wake kabla haujaenda kwa mchapaji. Aliyekataa, nilifuta nikaandika mwingine. Delbert ilibidi nimwamshe kwanza.

Bi Hulda safari hii hakusingizia vumbi.

— Na Iva? Mvua akauliza polepole.

— Wote wawili walicheka, Mzee Amos. Ila walisema nisikwambie.

Jaji alitazama kitabu, akamtazama binti, akaketi. Akajikohoza kama mtu anayetoa hukumu ya pai.

— Kamati haijakaa, akasema. Na mwenyekiti kanywa kahawa nyingi, hakumbuki alichosema. Cheti kipo.

Ilibaki ya Kengele. Alikuwa amepata sauti, lakini ndogo, sauti ambayo hatukujua anayo.

— Lakini wewe mwenyewe, Ludmila. Kwa nini umejiandika hivyo? Maneno matatu kwa mwaka?

— Wenzangu walijaribu kuniandikia. Walikaa mchana mzima darasani, wote kumi na mmoja, wakakosa la kusema. Hawakuwa na ubaya, Babu. Hawanijui tu. Basi nikajiandikia.

— Ungesema nao!

— Nyumbani kwetu zamu ya kusema haijawahi kunifikia. Nikazoea kusikiliza.

Alisema kwa upole, bila kulaumu, na ndiyo maana lilimwingia. Halafu akauliza, kama anavyouliza mtu anayetaka kujua kweli:

— Wewe ungeandika nini, Babu?

Kengele akaangalia viatu vyake. Akamwangalia Jaji. Jaji akamwangalia Mvua, Mvua akatazama mawingu ambayo hayakuwepo. Na mimi? Nilimnyoa huyo binti ukosi kila mwezi tangu akiwa anakalishwa juu ya sanduku. Nilitafuta kichwani kitu kimoja, kimoja tu, nisipate.

Jaji ndiye aliyejitosa.

— Anafika kwa wakati, akasema.

— Hiyo ni sifa ya treni, Mzee Torvald, akasema Ludmila, akacheka.

Hakutabasamu kama siku zote. Alicheka kwa nguvu, kichwa nyuma, na mwishoni pua ikamkoroma kidogo kama birika linaloanza kuchemka. Akaziba mdomo kwa aibu.

Kengele alikuwa ameinua uso ghafla.

— Rudia, akasema.

— Nini, Babu?

— Hicho kicheko. Tangu lini unacheka hivyo?

— Siku zote. Huwa uko hapa kijiweni.

Mzee akapangusa macho kwa mkono wa shati, kwanza moja, kisha la pili. Akasogea upande mmoja wa benchi, akamsukuma Jaji kwa kiuno, akapiga ubao uliobaki kwa kiganja.

— Kaa hapa. Chakula kitangoja. Kinyozi, una kalamu?

Nilimpa ya risasi, iliyokuwa nyuma ya sikio langu. Akakiweka kitabu juu ya goti, akaandika chini ya picha polepole, herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema, sisi tukiwa tumemwinamia begani. Alipomaliza alimpa Ludmila mwenyewe asome kwa sauti, tukanyamaza wote tumsikilize.

— "Hucheka kama bibi yake Anezka. Babu yake kagundua Jumanne."