Sina Kitu

Gari moshi la Mdachi lilikuwa linakaribia Dodoma. Dorkasi alibanwa kati ya wanaume wawili wasiojuana, naye hakumjua yeyote kati yao. Mbwana, mchuuzi wa Kondoa, alipapasa kanzu yake akalalama, "Sina kitu!"

"Na marobota yako yale ya nguo?" akauliza mzee Matonya, mfugaji wa Hombolo.

"Hiyo mali, mzee. Sina kitu maana yake sina hela. Ni maneno tu."

"Mimi niliyasema mwaka ng'ombe walipokwisha, mwanangu. Nilikuwa mlangoni pa watu, nimemshika binti yangu mkono. Nikarudi na kikapu cha mtama, bila yeye."



Gari likasimama. Mwuza karanga akamwita Mbwana dirishani.

"Sina..." Akamtazama mzee. "Sina hela, mama."