Mstari wa Nuh Hared

Bismillahi, na Assalamu aleikum nyote mliofika.

Sheikh Ahmednoor uliyetuongoza katika sala, wazee wetu, madereva na mataniboi mlioacha kazi zenu, akina mama mlioketi kule kwenye kivuli cha lori, na wewe Sajenti pamoja na vijana wako, mimi ni Issack Hared, mwenye duka la sukari na majani ya chai pale Garissa, kaka mkubwa wa marehemu, na familia imenituma niwasomee habari za maisha yake. Nasoma kwa Kiswahili kwa sababu hilo ni sharti la kibali chetu, kwamba kila neno lifike masikioni mwa Sajenti, na sharti la pili ni kwamba saa nane malori yaondoke hapa, na ninyi wenyewe mnasikia injini hazijazimwa. Kwa hivyo nitakwenda mbio, jambo ambalo marehemu angelifurahia, na nikifika mwisho nina ombi moja kwa ajili ya mjane wetu Safiyo, ambaye jioni hii anaingia nyumbani kukaa eda, na ambaye sitaki aondoke hapa kabla ombi hilo halijatimizwa.

Marehemu Nuh Hared Abdille alizaliwa Diff, mwezi wa Aprili mwaka 1934, mvua zikiwa zimeanza, akiwa mtoto wa pili wa mzee Hared Abdille aliyetangulia mbele ya haki, na mama yetu Maka, ambaye uzee umemzuia kufika leo. Mama husema kwamba mtoto huyu alitembea kabla hajajua kukaa, na mimi niliyetumwa kumtafuta kila mara nasema ni kweli tupu, maana ulikuwa ukimwacha kisimani unamkuta mbali huko amesimama mbele ya kichuguu, anakitazama tu, wala hataki kitu. Diff mnaijua, mpaka wa Somalia uko hapo hapo, na siku moja alipotea tangu asubuhi hadi adhuhuri, nikamkuta upande wa pili ameketi chini, nikamuuliza unatafuta nini huku wewe, akaniambia alitaka kuona kama mchanga hubadilika rangi mtu akivuka. Haukuwa umebadilika, na tulirudi nyumbani yeye amenuna na mimi nimechoka.

Familia ilihamia Garissa mwaka 1944, akasoma chuo cha Kurani hadi akahitimu, kisha Januari 1948 akaingia shule ya serikali, akakaa miaka mitatu, na katika miaka hiyo mitatu jambo lililomwingia kichwani ni moja tu. Mwalimu alileta darasani tufe la dunia, akawaonyesha mstari wa Ikweta unaozunguka ulimwengu mzima, akasema mstari huo unakata barabara ya Garissa kwenda Modogashe, ile ile tuliyopita na ngamia wetu. Nuh alikuja nyumbani amekasirika kama mtu aliyeibiwa, akasema kitu kikubwa namna hiyo, kimezunguka dunia yote, kinapita mlangoni petu, na hakuna binadamu aliyeweka hata jiwe, tumepita juu yake na hatukuambiwa.

Mwaka 1951 aliingia kazini kama taniboi wa lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini, na Machi 1957 akapata leseni ya udereva, akaendesha Garissa, Wajir, Mandera na kurudi. Hapa nilikuwa nimeandika habari za malori yote aliyoyaendesha, lakini nimemwona Sajenti akitazama saa, basi naruka. Ninachotaka mjue ni kwamba hakuna lori aliloendesha likafika kwa wakati, kwa sababu njia nzima kulikuwa na vitu ambavyo lazima avione, na abiria lazima washuke wavione pia, wapende wasipende. Eldas kulikuwa na mwenye duka aliyechora ukutani gari moshi lenye nundu, kwa kuwa hakuwahi kuona gari moshi na alidhani lisipokuwa na nundu halitafika mbali. Njia ya Bute kulikuwa na mzee aliyesimamisha fremu ya mlango katikati ya uwanda, bila nyumba, bila ukuta, na ukipita alitaka ubishe hodi. Nuh alibisha hodi kila safari, wallahi, na alimngoja mzee amkaribishe, huku mbuzi wa watu wanalia ndani ya lori na mimi Garissa nangoja sukari yangu.

Marehemu alimwoa Safiyo, binti wa mzee Rage wa Garissa, siku ya Ijumaa tarehe 14 Agosti 1959, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Amino aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1961, na Hared aliyezaliwa tarehe 20 Januari 1964. Wanaume wengine humwahidi bibi arusi dhahabu au kitambaa kizuri, lakini huyu wetu alimwahidi kwamba atampeleka mahali akasimame mguu mmoja kusini mwa dunia na mguu mmoja kaskazini. Shemeji alicheka, akakubali, akangoja.

Mwaka uliofuata alipata abiria mmoja, Mzungu mpimaji aliyekuwa na vyombo vyake, akamwomba amwonyeshe Ikweta, naye akamwonyesha, na ndipo hapa tulipo leo. Mimi mpaka sasa siamini sana maneno ya yule Mzungu, lakini ndugu yangu aliamini, akapaka mstari wa chokaa kukata barabara, akapanga mawe meupe kila upande, na pale mashariki mwa barabara akawajenga ngamia wawili mnaowaona, wa madebe na springi za lori, wamepeana migongo, mmoja akitazama Nairobi na mwingine akitazama Mandera. Watu walianza kusimama, wengine kwa kucheka, wengine kwa kubishana, wachungaji walileta watoto wao, na madereva waliokuwa wakimwita kichaa wakawa wanashuka kimya kimya wanapima miguu yao. Kila mtu aliletwa hapa isipokuwa Safiyo, kwa sababu kwanza alikuwa mjamzito, kisha mafuriko ya mwaka 1961 yakakata njia, kisha mtoto akawa mdogo, na mwisho wa mwaka 1963 ikatangazwa hali ya hatari.

Siasa sitaisema, Sajenti, usiwe na wasiwasi, nitasema habari ya ndugu yangu tu. Aprili 1964 askari wa doria waliukuta mstari huu, wakaona mawe, wakaona ngamia waliopeana migongo, wakaamua kwamba kuna mtu ameanza kuigawa nchi, na kwa kweli ukifikiri vita vilikuwa vya nini, hata mimi ningeamua hivyo. Nuh alichukuliwa, akaulizwa ni nani aliyemtuma achore mpaka, akajibu kwamba aliyeuchora ni Mungu, afande, yeye amepaka rangi tu, na kwa jibu hilo alipigwa kofi ambalo lilimwacha na sikio moja la kusikia hadi alipokufa. Aliachiliwa mwalimu wake wa zamani alipokwenda kule na tufe mikononi kuwaeleza. Mstari ulifutwa, ngamia wa kusini akatobolewa kwa risasi, na Nuh alipopata nafasi akaja akapaka tena.

Septemba 1965 watu wa msituni, wale waliotaka kaskazini ijitenge, nao walisimamisha lori lake hapa hapa, wakamuuliza kwa nini amekata nchi mbali hivi, amewaachia kaskazini peke yake, Garissa nzima ameitupa upande wa Nairobi, na nani alimpa ruhusa hiyo. Alianza kuwaeleza habari za jua na tufe, lakini hawakuwa na haja ya jua, wakamvunja ngamia wa kaskazini kichwa kwa kitako cha bunduki, wakamwambia akichora tena watamchora yeye. Ajabu ya vita vile, pande zote mbili zilikubaliana kwa jambo hilo moja, kwamba mstari wa Nuh ni wa adui. Yeye alipaka tena, na ngamia akapata kichwa kipya, na shemeji Safiyo, lile birika ulilolitafuta mwezi mzima, ukawashuku majirani wote, ndilo lile pale shingoni.

Mwaka 1966 tulipowekwa kijijini ndani ya ua, na hakuna kutoka bila kibali, nilidhani tutamzika mwaka huo huo. Mtu huyu hakuweza kukaa, alizunguka ule ua kutoka alfajiri mpaka jua linazama, hadi ardhi ikafanya njia, na watoto wakawa wanamfuata nyuma kwa mchezo. Nilimwambia, walaal, ndugu yangu, keti unywe chai, akaketi, akanywa nusu, akainuka. Baadaye alichukuliwa kuendesha lori la chakula katika msafara wa askari, akafurahi kama aliyefunguliwa gerezani, lakini msafara hausimami njiani, kwa hivyo kila alipopita hapa aliona magurudumu yanaumaliza mstari wake na hawezi kushuka. Akirudi hatuambii habari ya Wajir wala ya mabomu ya barabarani, anasema tu, umefifia, Issack, umefifia sana.

Februari mwaka huu wa 1967 miguu ilianza kumvimba, pumzi ikawa fupi, na daktari wa hospitali alimpima akasema ni moyo, akampa dawa, na akamwagiza apumzike. Dawa alikunywa. Hilo neno lingine alilichukia hata kulisikia, na akaniuliza mimi, niliye ndugu yake, mtu hupumzika vipi, anafanya nini wakati huo.

Mwisho wa mwezi wa Oktoba tulisikia redioni kwamba wakubwa wamekubaliana vita viishe, na kabla mtangazaji hajamaliza Nuh alikuwa amekwenda kuomba kibali cha Safiyo, wamtembelee dada yake Batula kule Modogashe. Jana, Alhamisi tarehe 9 Novemba 1967, waliondoka Garissa asubuhi na msafara, wakiwa na Molu, rafiki yake wa Wajir ambaye amekuwa taniboi wake miaka kumi, na walipofika hapa lori likaharibika. Molu ameapa mbele yangu kwamba halikuwa na ubovu wowote. Nuh alishuka na debe la chokaa na brashi, akamwambia Safiyo asiteremke kwanza, asikanyage, angoje mstari uwe mzima, maana amengoja miaka minane na hatamwonyesha kitu nusu. Alianza kule kwenye ngamia, akaja akipaka huku ameinama, na alipofika katikati ya barabara aliketi, akasema amechoka. Molu anasema hajawahi kumsikia akitamka neno hilo, ndiyo maana alikimbia, na Safiyo alishuka akakimbia pia, wakamkuta bado ameshika brashi, na hapo hapo alikata roho. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Habari ilipotufikia Garissa jana, Sheikh Ahmednoor alisema azikwe alipofia, tukachagua upande huu wa magharibi wa barabara kwa kuwa udongo ni laini. Leo asubuhi Sheikh mwenyewe, ambaye aliucheka mstari huu miaka yote, ndiye aliyevuta kamba kupima kaburi kuelekea Kibla, na Kibla kwetu ni kaskazini, kwa hivyo maiti hulazwa kichwa mashariki na miguu magharibi. Tazameni wenyewe. Hakuna aliyepanga, lakini kaburi limelala sawasawa na mstari, kana kwamba umeendelezwa, na uso wake unatazama kaskazini na mgongo umeelekea kusini, na sijui ni upande gani wa vita unaoweza kumlaumu sasa. Nimekaa asubuhi nzima nikitazama na nimelia, mimi ambaye sikuwahi kuja hapa hata mara moja aliponiita.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokaa na mama yetu, Mwalimu kwa lile tufe, madereva wenzake kwa kuchimba, Molu kwa kila kitu, na Sajenti kwa sababu jana angeweza kuwaamuru Molu na Safiyo waupakie mwili waende, na badala yake alivua kofia akawaacha vijana wake wawili kulinda usiku.

Sajenti, najua ni saa nane, nimeiona mkononi mwako kabla hujasema. Kutoka pale chokaa ilipoishia mpaka kwenye kichwa cha ndugu yangu ni nusu ya barabara tu, na Molu alifunika debe kwa gunia lililolowa maji, chokaa haijakauka. Ombi letu ni hilo, na nakuona umemwashiria dereva azime injini, Mungu akulipe.

Shemeji Safiyo, njoo. Molu, mpe brashi. Anzia pale alipoachia, upake polepole, uje umfikie, kisha usimame, mguu mmoja huku na mguu mmoja kule, ukae hapo kadiri unavyotaka, hakuna mtu atakayekuharakisha.

Na wewe Nuh, amefika. Sasa walaal, lile neno la daktari, likubali.